Maziwa ya Krismasi na Mkono wa Mama Nekesa

Juzi binti yangu alinitoa nyumbani, jambo ambalo si rahisi. Mimi nikishakaa kwenye kiti changu nyuma ya Dagoretti Corner, redio ikiongea peke yake na miguu ikiwa juu ya stuli, kunitoa kunahitaji sababu ya ukubwa wa moto. Lakini alisema anataka kunionyesha kitu cha kazi yangu ya zamani, na nikisikia kazi yangu ikitajwa bado natafuta viatu. Akanipeleka mkahawa mmoja wa vioo kule Westlands, chini ya jumba refu ambalo ukiliangalia juu kofia inaanguka. Msichana mwenye aproni nyeusi akaniletea kikombe chenye povu.

"Onja, Baba," binti akasema. "Ni eggnog. Wanaileta Krismasi tu."

Nikaonja. Ilikuwa kahawa ya sukari iliyopita karibu na kungumanga bila kusalimiana. Nikamwita yule msichana, nikamuuliza kwa upole mayai yako wapi. Akasema hakuna mayai, Mzee, ladha inatoka kwa chupa, unabonyeza pampu mara mbili. Nikamuuliza basi ni nani hapa anajua kuipika. Akanitabasamia vile watu hutabasamia mzee aliyepotelea benki.

Kwa hivyo hii nawaandikia nyinyi wa pampu. Sina ubaya na pampu. Kama ingekuwepo zamani zangu, magoti yangu leo yangekuwa yanapanda ngazi. Lakini mtu asibonyeze kitu bila kujua kilitoka wapi na nani alikaribia kukosa kwenda kwao kwa ajili yake.

Mimi naitwa Njoroge. Nimepika kifungua kinywa maisha yangu yote ya kazi, na sehemu kubwa ya maisha hayo ilikuwa katika gesti moja ndani ndani ya Muthangari, yenye ua wa miiba ya kei-apple na paka ambaye hakuna aliyewahi kukubali ni wake. Sikusomea upishi. Nilimaliza fomu foo na matokeo ambayo mama yangu aliyaeleza kwa majirani kwa kusema nimemaliza. Niliingia jikoni kwa sababu kulikuwa karibu na nyumbani, na nikabaki kwa sababu hiyo hiyo. Kuna watu huongozwa na ndoto. Mimi niliongozwa na umbali.

Mwenye gesti alikuwa Madam Wairimu, mama aliyeishi nchi za baridi miaka mingi akarudi na makoti ambayo hayana pa kuvaliwa. Wageni wake wa Desemba walikuwa Wakenya wenzake wa ng'ambo, wale wanaokuja kuona jamaa lakini watoto wao wanaogopa kulala kwa jamaa. Hao ndio walitaka kifungua kinywa cha Krismasi chenye eggnog, na Madam alikuwa amewaahidi. Ilikuwa ndiyo sifa ya ile nyumba.

Kwa wale ambao hawajawahi kuiona ikiwa na mayai: ni maziwa, krimu, viini vya mayai, sukari, na kungumanga iliyokunwa. Unapasha moto polepole mpaka iwe nzito kama uji wa mtoto, unachuja, unapoza. Watu wazima wanaongezewa brandi mezani. Ukishakuwa nayo kwenye jagi, kazi ndiyo inaanza. Unachovya mkate na kuukaanga. Unakorogea unga wa chapati za maji, zinatoka laini zenye harufu. Unaimwaga juu ya vipande vya mkate mkavu na zabibu, unaingiza oveni, inakuwa pudini. Ukikandia mandazi nayo, jirani anakuja kubisha kuuliza kama mko salama.

Aliyejua mambo hayo yote alikuwa mmoja: Mama Nekesa, mkuu wa jikoni, mama wa Bungoma, mwenye mikono mipana na maneno ambayo yalikuwa yanakufikia kabla yake. Mimi nilikuwa mtu wa mayai ya kukaanga na soseji. Alikuwa ananiita "mwenye ushago wa kutembea."

Hapo lazima nieleze, kwa sababu ndipo shida yote ilipoanzia. Mnajua Nairobi ikifika Desemba inavyomwagika. Kila mtu ana nyumbani kwao, na nyumbani kwao kuna mama anayeangalia barabara. Wafanyakazi wote wa gesti, isipokuwa askari wa geti, waliomba likizo, na Madam aliwapa. Mimi sikuweza kuomba. Mtu anasema naenda ushago, watu wanauliza ni wapi, anasema ni Kakamega, ni Kisii, ni Mwingi, watu wanaitikia kwa heshima. Mimi ushago wangu ni Riruta. Baba alizaliwa hapo, babu alilima hapo kabla barabara haijamfikia. Nikitoka kazini naenda kwetu kwa miguu na nikifika chai niliyoiacha haijapoa. Huwezi kumwomba mtu likizo ya hiyo. Na kusema kweli sikuitaka. Mimi safari ya kufika tauni, pale katikati ya jiji, tayari naiona kama uhamiaji.

Kwa hivyo kila Krismasi jikoni tulibaki mimi, kwa kukosa sababu, na Mama Nekesa, kwa sababu ya eggnog. Tangu ashike lile jiko, hakuwa amekula Krismasi kwao hata mara moja. Alienda Aprili, alienda Agosti, lakini Krismasi alikuwa Muthangari akiwakunia watu wa ng'ambo kungumanga.

Mwaka ninaosema, mama yake alituma ujumbe. Macho yalikuwa yanamzimikia, yule mama. Alimwambia mjukuu apige simu, akachukua simu mwenyewe, akasema maneno machache ambayo Mama Nekesa alitusimulia akikata vitunguu, ili tudhani ni vitunguu. Alisema anataka kumwona binti yake siku ya Krismasi akiwa amekaa chini anakula, akiwa bado anaweza kujua ni yeye bila kumpapasa uso.

Mama Nekesa akaenda kwa Madam. Madam hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na nyumba imejaa wageni. Akasema: utaenda kama Njoroge ataweza kuipika. Nitaonja mwenyewe asubuhi ya mkesha. Ikikubali, unaenda. Ikikataa, samahani, mama atakuona Januari.

Mama Nekesa akarudi jikoni akaniangalia kutoka viatu hadi kichwa, vile mtu anaangalia gari analotaka kununua na anaona mafuta yanavuja.

"Njoroge," akasema, "wewe ndiye basi yangu ya Bungoma. Mungu anisaidie."

Kosa la kwanza nililifanya siku ya kwanza. Sikutaka kuchelewa. Nilichemsha maziwa, nikayaacha yapande vizuri vile sisi wote tumefunzwa, maana katika nchi hii maziwa ambayo hayajapanda ni maziwa yenye kesi. Kisha nikachukua mayai nikayamwaga ndani yote kwa mpigo. Mayai yalishtuka yakajikunja. Nikabaki na mayai ya kuvuruga yakiogelea kwenye maziwa ya sukari. Mama Nekesa akachungulia, akauliza kama hiyo ni eggnog ama mtoto wa tajiri ametapika.

Hatukumwaga. Mutiso, askari wetu wa geti, mtu wa Machakos aliyekuwa mwembamba hata akila vipi, aliimaliza na ugali wa jana. Akasema haina mbaya, inataka chumvi tu.

Sasa sikilizeni, hii ndiyo siri na haiko kwa pampu. Mayai hayaendi kwa maziwa. Maziwa ndiyo yanaenda kwa mayai. Unaweka viini na sukari kwenye bakuli, unavipiga mpaka vigeuke rangi, kisha unaongeza maziwa ya moto upawa mmoja, unakoroga, upawa mwingine, unakoroga. Mayai yanazoea joto kidogo kidogo. Mama Nekesa aliniambia, "Mgeni akifika kwako unampeleka bafuni moja kwa moja umwogeshe? Si unamnawisha mikono kwanza? Basi nawisha hayo mayai mikono." Mpaka leo siwezi kuyazoesha mayai joto bila kuona wageni wamekaa kwenye makochi wakinyoosha mikono juu ya beseni.

Kosa la pili lilikuwa la imani. Nilinawisha mayai vizuri, nikarudisha yote motoni, na yakaanza kuwa mazito, mazuri, ya dhahabu. Lakini mkono wangu ulikataa kuyaamini mpaka yapande. Nikaongeza moto. Yakapanda, na yalipopanda yakakatika, maji huku, madonge kule. Eggnog haipandi. Unaiangalia nyuma ya mwiko: ukipitisha kidole na mstari ukabaki, ondoa. Hapo hapo, hata kama simu inalia. Mutiso akala tena.

La tatu lilikuwa la kungumanga. Niliona ni kitu kidogo kama kokwa, nikakuna yote. Sitaeleza. Mutiso alisema mdomo umekufa ganzi, akaomba niweke kidogo kando, ana jino bovu linamsumbua.

Mkate nao una mambo yake. Mkate mpya ukiuchovya unakuwa kitambaa cha kupangusia meza. Tumia wa jana, ukate mnene, uchovye upande mmoja ukihesabu kama unasema jina lako na la baba yako, geuza, toa. Kikaango kiwe cha joto la katikati, siagi na tone la mafuta ili siagi isiungue. Mimi nilikuwa nauacha mkate ulale kwenye maziwa kama anayefanya kazi usiku. Mama Nekesa alikuwa anausogelea, ananiuliza kwa sauti ya chini kama aupigie teksi.

Na ile brandi. Mama Nekesa alikuwa mtu wa kanisa wa kanisa kweli, na chupa hiyo hakuwahi kuishika kwa mkono mtupu. Alikuwa anaishika na kitambaa cha sufuria, kama iko moto, anaipeleka mezani akiangalia kando, anamwachia Madam awamiminie watu dhambi yao mwenyewe. Kitambaa hicho kilikuwa kinafuliwa peke yake.

Siku zilikuwa zinakwisha. Tiketi ya basi alikuwa ameshakata, kwa sababu Desemba ukisubiri unapanda juu ya mizigo. Kila asubuhi nilikuwa namkuta amefika kabla yangu, ameshapika chai ya wafanyakazi kwenye ile sufuria kubwa iliyobonyea. Na hapa ningependa muuangalie mkono wake wa kulia, kwa sababu mimi niliuangalia nikadhani ni mkono tu. Juu ya meko kulikuwa na rafu, na kwenye rafu mkebe wa majani ya chai usio na kifuniko. Katika jikoni yetu, kama katika jikoni za nyinyi wote, sufuria ya maziwa kwenye moto ilikuwa chai ambayo haijafika. Mama Nekesa hakuwa anaangalia mkebe. Siku moja nilimwona anagombana na muuza mayai pale mlangoni, amegeuka kabisa, anamtajia mayai yaliyooza moja moja kwa sifa zake, na mkono ukapanda peke yake, ukachota majani, ukatia kwenye maziwa, ukarudi kiunoni. Ugomvi haukukatika hata kidogo.

Asubuhi ya mkesha ikafika. Basi lilikuwa linatoka tauni saa nne. Mama Nekesa alikuja amevaa gauni la safari, kilemba kipya, begi limefungwa na kamba, na nilimweleza wazi kwamba haruhusiwi kugusa kitu. Akakubali. Akaenda kukaa kwa Mutiso kule getini, kwa sababu alisema akiniona ninavyoshika mwiko moyo wake hautafika Naivasha.

Na mimi, siku hiyo, sijui ilikuwa nini. Viini vilikubali. Nilinawisha mayai mikono kama niko kwenye harusi. Moto ulikuwa wa chini. Nikapitisha kidole nyuma ya mwiko na mstari ukabaki, umenyooka kama barabara mpya kabla ya mvua. Nikaonja. Vijana, ilikuwa eggnog. Nikaacha sufuria pembeni mwa meko, moto umezimwa, inatoa mvuke polepole, nikageuka kukata mkate.

Nyuma yangu mlango ukafunguliwa. Ni Mama Nekesa, uvumilivu umemwisha, amekuja kuniaga. Akaanza kuniambia mambo ya kesho: pudini usiikaushe, watoto usiwape ya brandi, Madam akikasirika mwambie ndiyo kisha ufanye ulichokuwa unafanya. Nilikuwa naitikia nikikata mkate. Halafu akanyamaza katikati ya neno.

Nikageuka. Mkono wake ulikuwa bado juu ya sufuria, na ulikuwa mtupu. Majani yalikuwa yanazama. Eggnog yangu ya kwanza na ya pekee ilikuwa inageuka rangi kutoka katikati kwenda pembeni, bila haraka.

Krimu ilikuwa imekwisha, ile nyingine ilikuwa inaletwa mchana. Madam alikuwa ameshaketi, tulisikia kiti. Basi lilikuwa tauni likipakia.

Mama Nekesa akauangalia mkono wake kama mkono wa mtu aliyekaa karibu naye. Akasema pole pole, "Nimejinyima mwenyewe."

Sasa, alikuwa amenifunza jambo moja ambalo halina uhusiano na mayai. Alisema chakula kikiharibika, kipeleke upesi na ukipeleke na uso wa harusi, kwa sababu mgeni anakula uso wako kwanza. Nikachukua kichungi cha chai. Nikachuja. Nikachovya mkate humo humo, nikaukaanga mpaka ukawa na rangi ya kiatu kilichopigwa rangi vizuri, nikamimina iliyobaki kwenye kikombe, nikakuna kungumanga kidogo juu. Nikavaa uso wa harusi. Nikaenda.

Madam alikunywa. Akaangalia ndani ya kikombe. Akanywa tena.

"Njoroge. Hii ni nini?"

"Ni eggnog, Madam."

"Hii ni chai."

"Ni chai imeenda ng'ambo ikarudi, Madam."

Uso wa harusi ulikuwa umeanza kuuma mashavu. Akakata mkate, akautafuna akiangalia ukuta. Akaniuliza mbona kuna majani. Nikasema yameingia. Akaniuliza kama yameingia yenyewe. Nilikuwa natafuta jibu, na majani kwa kweli hayana miguu, ndipo nikasikia kilemba kipya kikisugua fremu ya mlango.

"Ni huu mkono, Madam," Mama Nekesa akasema, akauinua mbele yake kama ameukamata. "Huyu alipika vizuri. Kama kuna wa kubaki, abaki mwenye mkono."

Nilitaka sakafu inimeze lakini sakafu ya Muthangari ni ya vigae, haimezi. Madam akauangalia ule mkono muda mrefu. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya mbele yetu, alivuta kikombe karibu na kifua na mikono yote miwili, kama watu wanavyoshika chai kwao kukiwa na baridi.

Akatuambia kwamba kule alikokuwa, kila Krismasi jirani mmoja mzungu alimwalika na kumpa eggnog glasi kubwa, na alikuwa anaimaliza yote kwa adabu, halafu anarudi chumbani kwake anateleka chai. Miaka yote hiyo. Akasema, "Mimi hii kitu sijawahi kuipenda. Wageni ndio wanaitaka." Akamalizia kikombe. "Ya kesho usitie majani, Njoroge. Lakini hii niongezee. Na wewe Mama Nekesa, toka kwangu, kabla huo mkono haujaona sufuria ingine."

Mama Nekesa hakushukuru, alikimbia. Mutiso alikuwa ameshaita bodaboda. Lakini kabla hajapanda alirudi jikoni mbio, akachukua ule mkebe wa majani, akaufungia stoo. Akaniambia anauweka mbali na kila mkono, hata wangu, kwa ajili ya maziwa ya kesho. Kisha akaondoka, begi mbele, kilemba kinapepea, akimwambia kijana wa boda kwamba akimwangusha atamwangukia.

Asubuhi ya Krismasi nilipika nikiwa peke yangu, na kila kitu kikakubali. Sisemi kwa majivuno, nasema kwa mshangao. Eggnog ilikuwa ya rangi yake. Mkate ulikuwa umechovywa jina langu na la baba yangu, si zaidi. Pudini ilitikisika katikati kidogo tu, vile inatakiwa. Wageni wakala, wakapiga picha sahani zao, wakapiga picha zao wenyewe wakiangalia sahani. Kulikuwa na baba mmoja mrefu wa Siaya, ambaye alikuwa amekaa ng'ambo hadi Kiswahili chake kikawa kinatembea na kiatu kimoja. Alinishika mkono. Akasema ni sawa kabisa na ile ya kule. Kisha akaangalia nyuma yangu, akaangalia meza, akauliza kwa sauti ya siri:

"Na chai?"

Mke wake akainua kichwa. Familia ya meza ya pili ikainua vichwa. Mtoto akasema na yeye anataka. Nikasema mara moja, karibuni, nikaenda stoo, nikashika kufuli, na hapo ndipo nilikumbuka ufunguo wa stoo ulikaaga wapi. Ulikaaga kwenye uzi wa Mama Nekesa.

Nikapiga simu. Ilikuwa na kelele za kuku na watu wengi.

"Mama Nekesa, ufunguo wa stoo uko wapi?"

"Uko shingoni."

"Na shingo iko wapi?"

"Shingo iko Bungoma," akasema.

Siku ya Krismasi, maduka yamefungwa, nyumba imejaa Wakenya, na hakuna jani hata moja la chai. Hiyo si shida ya jikoni, hiyo ni shida ya usalama. Nikatoka kwenda getini. Mutiso alikuwa kwenye kibanda chake, na kwenye kibanda, kama kwenye kila kibanda cha askari katika mji huu, kulikuwa na jiko dogo, sufuria nyeusi, na karatasi ya majani imekunjwa vizuri. Nikaomba. Akafikiria. Akanikumbusha kwa utaratibu kwamba amekula mayai yaliyojikunja, amekula yaliyokatika, amekula kungumanga yote, na sasa anasikia yametoka mazuri na hakuna aliyemwita. Nikampelekea mkate sahani nzima na pudini juu. Akanipa majani. Wageni wakanywa chai mpaka saa za chakula cha mchana, na hiyo ndiyo sehemu ya Krismasi ambayo walicheka kwa sauti ya kwao.

Baadaye simu ikalia. Mama Nekesa alitaka kujua kama tumepona. Nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akaniambia kwamba alikuwa amebeba kungumanga kidogo, amefunga kwenye leso, na asubuhi hiyo amempikia mama yake. Nikamuuliza mama amesema nini.

"Ameuliza kwanza ni nani mgonjwa."

"Halafu?"

"Halafu akakunywa yote. Nimekaa hapo chini karibu naye, ameniangalia vizuri kabisa, ananijua. Akanirudishia kikombe, akaniambia ni tamu, lakini nimesahau majani."

Nikajua ule mkono ulitoka wapi.

Mama Nekesa siku hizi anaishi huko huko Bungoma. Mama yake hayupo tena, lakini baada ya ile Krismasi Madam hakumzuia nyingine, na walikaa pamoja zote zilizokuwa zimebaki. Mimi nilichukua jiko, nikalishika mpaka magoti yakakataa, na sasa nipo kwenye kiti changu, nusu saa kwa miguu kutoka kila kitu nilichowahi kufanya. Nikiambiwa nichague upya ningechagua karibu zaidi.

Nyinyi bonyezeni pampu zenu. Lakini siku moja, mkiwa na mayai na hamna haraka, jaribuni ile yenyewe. Moto mdogo. Nawisheni mayai mikono. Angalieni nyuma ya mwiko. Na mkiwa na mtu wa kwetu jikoni, mwambieni akae getini.

Kila Krismasi asubuhi mimi huipika bado, sufuria ndogo, ya mimi na binti yangu, na Mama Nekesa hunipigia simu wakati huo huo, kama ana kioo cha kunionea. Mwaka jana alinikuta nimesimama pale, simu begani, namsikiliza akinisengenyea majirani wapya wa shamba. Akakatiza hadithi ghafla.

"Njoroge, maziwa yako wapi?"

"Kwa jiko, Mama. Yako mazuri, mstari umebaki."

"Na mkono wako?"

Nikauangalia. Ulikuwa unarudi kutoka kwa sufuria.